Mshahara Sawa, Chumba Kimoja

Tulikutana kwenye foleni ya lango la kiwanda cha nguo, upande wa Athi River, asubuhi moja ya baridi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Ukambani, upande wa Makueni, wiki mbili kabla, na nilikuwa nalala sakafuni kwa mjomba wangu, Kitengela. Yeye alikuwa mbele yangu, amevaa sweta ya shule aliyoigeuza ndani nje ili beji isionekane. Supavaiza alitoka akaanza kuchagua wasichana kwa kuwagusa bega. Alimgusa yeye, akanigusa mimi, kisha akageuka na lango likafungwa. Waliokuwa nyuma yetu walibaki wamesimama pale pale kana kwamba hawajaelewa.

Ndani tuliwekwa kwenye laini moja. Mimi nilipewa mashini ya ovaloki, kuunganisha pande za suruali, yeye akapewa mifuko. Taget yetu, idadi ya vipande vya siku, ilikuwa moja, saa zetu zilikuwa zile zile, na mwisho wa mwezi tulipanga mstari mmoja na kupokea bahasha zenye kitu kile kile. Mwezi haujaisha tukakodi chumba cha mabati pamoja, kwenye ploti ya milango minane nyuma ya soko la Kitengela. Tulikuwa na kitanda kimoja, jiko moja la makaa na sufuria tatu. Yeye alimwita mama yake *maitu*, mimi wangu namwita *mwaitu*, na jioni ya kwanza tulicheka sana kugundua hivyo. Yeye alikuwa Mkikuyu, mimi Mkamba, na mahindi na maharagwe tuliyopika yeye aliyaita githeri na mimi nikayaita isyo.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuona kwamba hatukuwa tunaishi maisha mamoja.

Katika ile ploti, milango mitano ilikuwa ya watu wetu. Wanaume walifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, kwenye saruji, na kwenye mashamba ya maua. Mwisho wa mwezi ulipofika, Jumamosi, ploti ilikuwa inabaki kimya. Kila Mkamba alikuwa amebeba unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, anakimbilia basi la kwenda nyumbani. Jumapili jioni walirudi mikono mitupu, na Jumatatu wakaanza kukopa mboga kwenye kibanda cha kona.

Wakikuyu wa ploti hawakwenda popote Jumamosi hiyo. Kama walienda, walienda kuangalia mashamba. Nilikuwa nawaona wakitembea kwenye nyasi kavu huko ng'ambo ya barabara, dalali wa Kimaasai ametangulia na rungu lake, wao nyuma wanahesabu hatua. Futi hamsini kwa mia, walikuwa wanasema, kama watu wanaotaja jina la mtoto. Wengine walinunua kila mtu peke yake. Wengi walinunua kwa kikundi, wanawake kumi na watano kwenye hati moja, halafu wanagawana.

Siku moja nilimuuliza mjomba kwa nini yeye hakununua. Alikuwa Kitengela tangu mwanzo wa miaka ya tisini, akipasua mawe, wakati ambapo hapo palikuwa pori la pundamilia na ardhi ilienda kwa bei ya ng'ombe wachache. Aliniangalia kama nimemtukana.

"Ninunue hapa kwa nini?" alisema. "Hapa tumekuja kazi. Hatukuhama. Mtu hununua shamba mahali atazikwa."

Sitaki kudanganya kwamba sisi wote tulikuwa hivi na wao wote vile. Kulikuwa na Mkamba mwenye malori mawili ya mchanga, nyumba yake ya mawe ilikuwa na geti kubwa jeusi. Na kwenye mlango wa mwisho wa ploti yetu alikaa mama Mkikuyu na watoto wanne, aliyekuwa akifagia makaa yaliyomwagika sokoni na kuyauza kwa mikebe. Lakini nikihesabu milango, mara nyingi ilikuwa hivyo. Bahasha yangu ilisafiri kila mwezi, na bahasha ya mwenzangu ilibaki.

Yangu ilikuwa na sababu. Baba alikufa nikiwa kidato cha pili, na ndiyo maana shule yangu iliishia hapo. Mwaitu alibaki na wadogo zangu watatu kwenye shamba ambalo mvua ilipita juu bila kushuka. Mwaka mmoja tulipata mbaazi kidogo. Mwaka uliofuata hatukupata hata mabua ya kulisha mbuzi. Kila shilingi niliyopata ilikuwa imeliwa kabla sijaishika. Ya mwenzangu ilikwenda kwa mama yake mdogo, dada ya mama yake, ambaye sote tulimwita Tata, kwa Kikuyu. Tata aliuza nafaka sokoni, mama mnene, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa hadi kwenye nyusi. Alipokea sehemu ya mshahara wa mpwa wake na kuiingiza kwenye kikundi chao cha kununua ardhi. Mwenzangu alikuwa analalamika. "Anatunyima hata viatu," alisema. Lakini alipeleka.

Mwaka wa nne, asubuhi, katikati ya shifti, umeme wa mashini ulizimwa. Nilidhani ni stima imepotea. Halafu nikaona taa bado zinawaka. Mtu wa ofisini alipanda juu ya meza ya kukatia akasema oda zimekwisha, wenye kiwanda wanahama, kila mtu aende dirishani achukue haki yake. Hakuna aliyepiga kelele. Nakumbuka nilimalizia mshono niliokuwa nimeuanza, nikageuza gurudumu kwa mkono, kwa sababu suruali ilikuwa imebaki upande mmoja wazi na ilinikera kuiacha hivyo.

Tulirudi Kitengela kwa miguu, kila mmoja na bahasha yake ndani ya sidiria. Njiani mwenzangu alinishika mkono.

"Sikia," alisema. "Kuna meza ya nafaka karibu na ya Tata. Mwenyewe anahamia Namanga, bwana yake amepata kazi ya kupitisha mizigo bordani. Tukiunganisha hizi zetu mbili, tunaichukua. Mimi na wewe."

"Tata amekubali? Na mimi si mtu wenu."

"Ni yeye alisema nikuulize. Anasema unajua kuamka mapema."

Nilimwambia anipe siku mbili. Nilikuwa tayari nimekubali moyoni. Nilikuwa nimeiona hiyo meza, magunia yamefunguliwa midomo, mimi na yeye tumekaa nyuma yake. Siku ya pili mjomba akaja. Hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nimetoka nyumbani," alisema. "Mama yako ameanza kupika mbegu."

Mtu ambaye hajalima Ukambani labda haelewi. Mbegu hukaa juu ya moshi jikoni, kwenye kibuyu au mkebe, na haiguswi. Unaweza kuuza kuku, ukauza mlango, mbegu inabaki, kwa sababu ukila mbegu umekubali kwamba hakuna msimu mwingine. Nilitoa bahasha nikampa mjomba yote. Hata sikuifungua.

Mwenzangu alirudi kutoka sokoni akiwa amechangamka. Nilimwambia akiwa bado anavua viatu.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Hata nusu hukubakisha?"

"Ni watu wanne. Wanakula mbegu."

Alichukua sufuria tuliyokuwa tumepikia asubuhi akatoka nayo nje, akaisugua kwa mchanga muda mrefu, hata baada ya kuwa safi. Aliporudi alisema tu, "Sawa." Meza aliichukua na Tata. Mwezi uliofuata alihamia kwa Tata, akaniachia jiko na sufuria mbili.

Mimi nilikaa kwenye kile chumba mpaka nikashindwa. Nilijaribu mashamba ya maua, wakaniambia wamejaza. Nilifulia watu nguo. Mwishowe wanawake wa kwetu waliniambia kuna kokoto Kajiado, kwenye machimbo nje ya mji, na huko hakuna anayeulizwa cheti. Nikaenda. Tulikuwa wanawake kumi hivi, wote Wakamba, tunalala ndani ya karatasi za nailoni zilizofungwa kwenye miti ya miiba. Kazi ilikuwa kukaa chini, kuweka jiwe katikati ya miguu, na kulipiga nyundo mpaka liwe kokoto. Unajaza debe, unajaza la pili, mpaka lori lije. Wiki nyingine lori halikuja.

Mama mmoja wa Kimaasai alipita kila asubuhi na maziwa. Alikuwa anatusalimu "Sopa," nasi tunajibu "Epa," halafu anasimama kututazama. Siku moja aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Haya mawe yamewakosea nini?" Tukacheka. Mmoja wetu alicheka mpaka akaanza kulia, na hatukuweza kumnyamazisha.

Mwezi wa tatu kipande cha jiwe kiliruka kikaingia kwenye jicho langu la kushoto. Wanawake wenzangu walilisafisha kwa chai baridi. Niliendelea kupiga, nimelifunga kwa leso. Nilipofika zahanati Kajiado baada ya siku nne, daktari alilifunua na kulimulika, akaniambia niende hospitali kubwa Nairobi upesi. Nilimuuliza kama kuna dawa ya matone. Akaniandikia. Nairobi sikuenda. Kila nilipopata nauli, nilikumbuka watu wa nyumbani, na jicho likasubiri mpaka likazoea giza.

Nikarudi Kitengela. Nikasikia kiwanda kimefunguliwa na watu wengine na wanataka wasichana wenye ujuzi. Niliamka mapema, nikapanga mstari, na nilikuwa na furaha, kwa sababu ujuzi niliokuwa nao haukuweza kuliwa na mtu. Ndani walikuwa wamepanga mashini tatu za majaribio. Ukikaa, unatunga nyuzi zote za ovaloki, unashona kipande, basi. Zamani nilikuwa naweza kufanya hivyo huku naongea. Nilikaa. Uzi wa kwanza uliingia. Wa pili nikausukuma, ukapita kando ya sindano. Nikausukuma tena. Nikaulamba, nikauchonga kwa vidole, nikafumba jicho bovu. Kila mara uzi ulipita pale ambapo niliona tundu, na tundu halikuwa pale.

"Fanya haraka, dada," msichana wa nyuma yangu alisema.

Supavaiza alikuwa mama wa makamo. Aliinama akaniangalia usoni. "Macho yako yamekuaje?"

"Ni vumbi tu, madam."

"Pole," alisema, akanisaidia kusimama kama mgonjwa. "Nenda nyumbani."

Sikwenda nyumbani. Nilienda sokoni nikasimama mbele ya meza ya mwenzangu. Miaka miwili ilikuwa imepita hatujazungumza. Alikuwa amenenepa, amevaa aproni yenye mfuko mbele, na nyuma yake kulikuwa na magunia mpaka juu. Aliniona, akaona jicho, akakunja uso.

"Umekula?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa. Akaniletea chai na mandazi mawili, akavuta stuli ya chini, akaweka uteo mbele yangu na kumwaga maharagwe juu yake. Ndivyo nilivyoanza kazi ya kuchagua, kutoa mawe na mbovu kwenye maharagwe na pojo, nalipwa kwa gunia. Kwa sababu ya jicho nilichagua kwa vidole. Tata alikuwa akipita nyuma yangu, anachota kiganja, anatafuta jiwe, na asipolipata ananguruma kwa kuridhika.

Nilimwogopa, na nilimwonea wivu. Nilikuwa nadhani watu kama yeye wamezaliwa wakijua mahali pesa imejificha. Halafu ukaja ule uchaguzi uliomwaga damu. Kitengela hapakuungua, lakini soko lilifungwa, na barabara ikajaa familia zilizotoka Bonde la Ufa na magodoro juu ya vichwa. Nilienda kwa Tata kuona kama wako salama. Nilimkuta ameketi kwenye kiti sebuleni, amevaa koti na viatu, mkoba umefungwa mapajani. Mwenzangu alinong'ona kwamba amekaa hivyo tangu juzi.

"Tata, hapa hakuna kitu," nilimwambia. "Hapa ni salama."

"Hata kule Bonde la Ufa tulikokaa ilikuwa salama," alisema. "Tulikuwa na shamba la mahindi, na ng'ombe sita wa gredi. Walikuja kutufukuza saa nne asubuhi, nikiwa naanua nguo. Huyu mpwa wangu alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, lakini nilimbeba mgongoni. Ilikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilitoka na nguo nilizokuwa nimeanua, na zilikuwa bado hazijakauka vizuri." Aliupapasa mkoba. "Nyinyi mko na kwenu. Mkishindwa hapa mnarudi. Sisi hatuna nyuma. Unadhani ni werevu? Tunanunua kwa sababu tunaogopa, na tukishanunua tunaogopa zaidi."

Nilitaka kumwambia kwamba huko kwetu ndiko kulikonila. Lakini mtu amekaa na koti lake siku mbili, huwezi kumwambia hivyo.

Mwaka uliofuata ukame ulizidi hata Kajiado. Wamaasai waliingiza ng'ombe wao Kitengela kutafuta nyasi za kando ya barabara, na wengi walikufa hapo hapo, wakavimba mitaroni. Mwaitu alikuja bila kutoa habari. Nilikuwa kwenye stuli yangu, nikaona miguu imesimama mbele ya uteo, na nilijua ni yake kabla sijainua kichwa. Alikuwa amekonda mpaka shingo yake imekuwa kama ya mtoto. Alinitazama mimi chini, akamtazama mwenzangu aliyesimama juu akipimia mteja kwa gorogoro, mkebe wa kilo mbili.

"Huyu ndiye mliyekuwa mkifanya kazi pamoja?" aliniuliza kwa Kikamba.

"Ndiye."

"Mlikuwa mnalipwa sawa?"

"Sawa, mwaitu."

Alikaa chini kando yangu, akavuta uteo upande wake, akaanza kuchagua. Tulifanya kazi hivyo mpaka jioni. Tata alipokuja kusalimu, mwaitu alisimama, akamshika mikono yote miwili na kusema kwa Kiswahili chake kigumu, "Asante kwa kunichungia mtoto." Tata alimfungia kilo tano za maharagwe na mbili za mchele. Kesho yake mwaitu alirudi nyumbani nazo. Alikataa kukaa. Alisema ng'ombe wa watu wengine wanaokufa barabarani wanamtia huzuni kuliko mbuzi wake.

Alikufa baada ya miezi miwili. Walisema ni malaria, lakini mdogo wangu aliniambia alikuwa anagawa chakula na kujisahau.

Mwenzangu alisema atakuja mazishini. Nilimwambia ni mbali, asijisumbue. Kusema kweli sikutaka aone. Alikuja hata hivyo, na gunia zima la maharagwe kwenye paa la gari alilokodi, na wanawake wawili wa kikundi. Alishuka amevaa nguo nyeusi nzuri, akasimama uani. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, upande mmoja umeegemezwa kwa mti. Shamba lilikuwa jekundu mpaka kwenye kilima, bila jani. Alizunguka nyuma ya nyumba kana kwamba anatafuta choo, kisha akarudi akaenda upande mwingine. Nilimfuata.

"Unatafuta nini?"

"Nyumba yenu ni gani?" aliuliza.

"Ni hii."

Aliiangalia tena.

"Mimi nilidhani umejenga," alisema. "Hiyo miaka yote. Mimi na Tata tulikuwa tunasema, huyu anajifanya maskini, lakini huko kwao amejenga ya mawe. Kila mwezi anapeleka, kila mwezi. Siku ile ya meza, nilikasirika kwa sababu nilidhani unaenda kuezeka. Nilidhani hiyo ya mbegu ni kisingizio."

Alikaa chini kwenye mchanga na nguo yake nzuri, akalia. Wanawake wa kikundi walikuja wakamshika, na watu wa kwetu wakadhani ni jamaa ya marehemu, wakamletea maji. Nilisimama hapo. Ningependa kusema nilimkumbatia. Nilikuwa na hasira. Miaka yote hiyo nilikuwa najiona nimesimama mbele yake nikiwa uchi, kumbe yeye alikuwa ananiona nimevaa.

Tulimzika mwaitu mchana. Kaburi lilikuwa gumu kuchimba, wanaume walipokezana sururu tangu alfajiri. Mwenzangu alitupa udongo pamoja na sisi. Kabla ya kuondoka aliniambia kikundi kinanunua ardhi Matasia, bado kuna nafasi moja, na kwamba ataniandikisha na kunilipia malipo ya kwanza. Nilikubali. Nililipa kwa miezi minane kutokana na magunia niliyochagua. Halafu ndugu yangu akaanguka kutoka kwenye mjengo Machakos akavunja mguu, nikaomba kikundi kinirudishie malipo yangu. Walinirudishia yote bila maneno, na nafasi ikachukuliwa na mwingine.

Ndugu yangu wa pili alikwenda Mombasa na hatumsikii mara nyingi. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alibaki peke yake kwenye ile nyumba iliyoegemea mti, nikaenda kumchukua. Tulifunga mlango kwa waya. Nilimleta Kitengela, kwenye chumba kingine cha mabati, mbali kidogo na soko. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliweka mfuko wake chini, akaangalia kuta, akaangalia dirisha lililozibwa kwa katoni.

"Tunakaa hapa mpaka lini?" aliuliza.

Nilimwambia kibuyu cha maji kiko nyuma ya mlango, aweke kwenye sufuria, tupike.